Damu Nje ya Mwili, na Safari ya Kurudi Hamugembe

Damu haingoji. Ikitolewa mshipani na kuwekwa katika kichupa cha kioo, baada ya dakika 5 hadi 15 hivi huwa imegeuka donge. Tabia hiyo imemlinda binadamu tangu zamani: mama wa Hamugembe anayejikata kidole akimenya ndizi hubana jeraha kwa kitambaa, na kabla sufuria haijachemka damu imekwisha kukatika. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, tabia hiyo hiyo ndiyo kikwazo cha kwanza cha tiba yake. Uhai wake unategemea damu itoke mwilini, ipite katika mirija ya plastiki na chujio, kisha irudi ikiwa ingali majimaji.

Hesabu yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pampu ya mashine ya kusafisha damu ikienda kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika, kipindi cha saa 4 hupitisha lita 72. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kwa hiyo damu yote ya mwili hutoka na kurudi takriban mara 14 katika asubuhi moja. Wakati wowote, mililita 150 hadi 250, yaani kama glasi moja, ziko nje. Ndani ya chujio damu hiyo hugawanyika katika nyuzi zenye uwazi katikati, zaidi ya 10,000 kwa idadi, kila moja ikiwa na upenyo wa takriban sehemu 2 za kumi ya milimita. Uzi ukizibwa na donge hauzibuki tena katika kipindi hicho.

Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na dawa inayotumika zaidi ni heparini. Katika wodi dawa hii huzungumzwa kana kwamba ni kifaa cha mashine, kama mirija au maji. Wagonjwa wengi hawajui hata kwamba wamepewa, kwa kuwa huingizwa kwenye mrija na wala si kwa sindano mwilini. Hapo ndipo hatari inapoanzia, hasa kwa mtu ambaye nyumbani kwake ni mbali na mashine.

Hamugembe ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba. Kwa miaka mingi wakazi wa Bukoba na Muleba walipohitaji huduma kubwa za kibingwa walielekezwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza: zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, au usiku mzima melini juu ya Ziwa Viktoria. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, na katika miaka ya karibuni mashine za kusafisha damu zimeendelea kusogezwa katika hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, iwe mashine iko Mwanza au iko umbali wa nauli ya bodaboda, jambo moja halibadiliki. Heparini haibaki hospitalini mgonjwa anapofunguliwa. Huondoka naye, hukaa naye katika gari, na huingia naye nyumbani, dukani kwa muuza dawa na katika zahanati ya kata.

Historia ya dawa hii inaonyesha jinsi tiba nzima ilivyoisubiri. Mwaka 1924, katika mji wa Giessen nchini Ujerumani, daktari Georg Haas alikuwa wa kwanza kusafisha damu ya binadamu nje ya mwili. Alizuia kuganda kwa kutumia hirudini, utomvu unaopatikana kwa ruba, yule yule mnyonya damu wa majini. Hirudini ya siku zile haikuwa safi. Iliwadhuru wagonjwa, na kipindi chake cha kwanza kilidumu dakika chache tu. Wakati huo heparini ilikwisha kugunduliwa. Mwaka 1916, huko Baltimore Marekani, mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alikuwa akitafuta kitu kinachogandisha damu, akakuta katika ini la mbwa kitu kinachofanya kinyume chake. Mwalimu wake, William Howell, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1918 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Ilichukua hadi miaka ya 1930 wanasayansi wa Toronto na Stockholm kuisafisha kiasi cha kuaminika kwa binadamu. Miaka michache baadaye, mwaka 1943, Willem Kolff aliunda mashine yake katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, akitumia ngozi bandia ya kutengenezea soseji kama chujio. Mgonjwa wa kwanza kuokolewa na mashine hiyo alipona mwaka 1945. Chujio la soseji lingekuwa bure bila heparini.

Leo heparini nyingi duniani hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Jambo hili halisemwi sana, nalo lingefaa kusemwa, kwa kuwa katika kila kituo wapo Waislamu na wengine ambao dini yao inawakataza nguruwe. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameikubali kwa hoja ya dharura, na wengine kwa hoja kwamba asili yake imekwisha kubadilika. Mgonjwa anayeuliza anastahili jibu la kweli, na nafasi ya kushauriana na sheikhe wake kabla ya kipindi, wala si kunyamaziwa.

Kipimo cha heparini ni kama kutembea juu ya ukingo. Upande mmoja kuna kuganda. Muuguzi mzoefu huiona dalili kabla mashine haijalia: damu katika mirija huwa nyeusi kidogo, michirizi myeusi hujitokeza ndani ya chujio, povu hutanda katika kijichumba cha kunasia hewa, na shinikizo la upande wa kurudishia damu hupanda taratibu. Yakifika mwisho, mirija yote hutupwa pamoja na damu iliyomo. Mililita 200 zinaweza kuonekana si kitu, lakini wagonjwa wengi wa figo tayari wana upungufu wa damu, na kiasi hicho ni karibu nusu ya pakiti moja ya damu ya kuongezewa. Ndugu wataitwa kuchangia. Chujio jipya litalipiwa. Na dakika zilizopotea ni sumu isiyotoka.

Sababu za kuganda si heparini ndogo pekee. Katheta iliyokunjika, mwendo wa pampu uliopunguzwa, hewa iliyobaki katika mirija wakati wa kuiandaa, kutoa maji mengi mno kwa muda mfupi, kuongeza damu katikati ya kipindi: yote hayo huizindua damu. Umeme nao umo. Kwa muda mrefu Kagera ilitegemea umeme unaotoka Uganda kupitia kituo cha Kyaka, na wakazi wa Bukoba hawahitaji kuelezwa maana ya kukatika kwake. Umeme ukikatika na betri ya mashine ikaisha, pampu husimama, na damu iliyosimama huganda haraka kuliko inayotembea. Kila mashine ina mkono wa kuzungusha pampu. Muuguzi anayeujua mkono huo kwa vidole, gizani, na anayekumbuka kuangalia hewa kwa macho yake kwa kuwa kengele imekufa pamoja na umeme, huweza kuirudisha damu ya mgonjwa salama. Damu iliyokwisha kushika mabonge hairudishwi, hata mgonjwa akisihi.

Upande wa pili wa ukingo kuna kutokwa na damu, na huko ndiko watu hufia. Katika vituo vingi mgonjwa mzima asiye na hatari ya pekee huanzishiwa yuniti 25 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha huongezewa yuniti 500 hadi 1,500 kwa saa, kulingana na mwongozo wa kituo. Mwenye fistula husimamishiwa nyongeza hiyo nusu saa hadi saa moja kabla ya kumaliza, ili matundu ya sindano yazibe. Kosa moja linalojulikana duniani kote hutokea kwenye chupa yenyewe. Kuna heparini ya yuniti 1,000 kwa mililita, na kuna ya yuniti 5,000 kwa mililita. Chupa zinafanana, na chupa ya pili yenye mililita 5 ina yuniti 25,000. Anayevuta mililita 3 akidhani ni ya kwanza humpa mgonjwa yuniti 15,000 badala ya 3,000. Macho ya watu wawili juu ya lebo hayagharimu chochote.

Lakini chupa ikisomwa sawasawa, bado kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye lebo yoyote: hali ya mgonjwa asubuhi hiyo. Je, alianguka juzi akagonga kichwa? Je, yumo hedhini? Je, choo chake kimekuwa cheusi? Aling'olewa jino? Amekunywa aspirini, au diklofenaki aliyonunua kwa ajili ya mgongo? Anatumia dawa ya mitishamba iliyokolezwa kwa kitunguu saumu au tangawizi? Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo laweza kubadilisha kipimo, au kuiondoa heparini kabisa siku hiyo.

Na hapa lugha yenyewe huweka mtego. Muuguzi akisema, "Baba, hujambo? Waendeleaje?" mzee wa Hamugembe atajibu kwamba hajambo, anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Amejibu salamu kwa salamu. Adabu haimruhusu kufanya vinginevyo. Swali lililoulizwa kama salamu halileti habari za choo cheusi. Baada ya kuamkiana yapasa kuulizwa jambo moja moja kwa jina lake, na pengine bibi aulizwe faraghani, maana hatataja hedhi ya binti yake wala kinyesi chake mwenyewe mbele ya wagonjwa wengine na wakwe zake waliomsindikiza. Mgonjwa naye asidhani kwamba mashine inajua. Mashine hupima shinikizo, joto na mwendo. Haijui kwamba jana aliteleza katika matope ya shambani.

Heparini ikiondolewa, kazi haisimami, ila huwa ngumu zaidi. Pampu huongezwa kasi kadiri mshipa unavyoruhusu, na kila baada ya dakika 15 hadi 30 mirija husuuzwa kwa mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi ya dripu. Maji hayo huingia mwilini, kwa hiyo lazima yahesabiwe na kutolewa tena na mashine. Asiyeyahesabu atamrudisha nyumbani mgonjwa akiwa amevimba kuliko alivyokuja. Muuguzi wa kipindi kama hicho hakai. Kuna pia njia ya sitreti, ambayo huifunga kalisi ya damu iliyo ndani ya mirija ili isigande, kisha kalisi hurudishiwa mwilini. Hutumika zaidi katika wodi za wagonjwa mahututi, na inahitaji maabara inayoweza kupima kalisi mara kwa mara. Mahali ambapo kipimo hicho hakipo, afadhali maji ya chumvi na macho ya muuguzi.

Kagera inao ukumbusho wake wa kwa nini ujuzi huu si wa wagonjwa wa kudumu peke yao. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu, na Hamugembe ilikuwa miongoni mwa sehemu za Bukoba ambazo nyumba zilianguka. Mtu aliyebanwa na tofali kwa saa kadhaa huweza kuokolewa akiwa anazungumza, kisha figo zake zikazimika ndani ya siku chache, kwa sababu misuli iliyopondwa huachia protini inayoziba njia za figo. Tetemeko la Armenia la mwaka 1988 liliwaleta watu mamia katika hali hiyo, na kutokana nalo Jumuiya ya Kimataifa ya Wataalamu wa Figo iliunda kikosi maalumu cha maafa. Majeruhi wa aina hii anahitaji mashine upesi, lakini ana majeraha, mifupa iliyovunjika, pengine damu ndani ya fuvu. Kumpa heparini ya kawaida ni kumwongezea jeraha. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Muleba mwenye malaria kali iliyofika figoni, ambaye chembe sahani zake, zile zinazoanzisha donge, zimeshuka sana.

Kuna tukio jingine, la nadra, ambalo laweza kumpotosha hata daktari. Kwa wagonjwa wachache mwili hutengeneza kinga dhidi ya heparini, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu waanze kuipata. Chembe sahani hushuka kwa nusu au zaidi, lakini badala ya kutokwa damu mgonjwa hugandisha: chujio huziba kila kipindi ijapokuwa dawa inaongezwa, au mguu huvimba kwa donge. Kuongeza heparini hapo ni kumwagia moto mafuta ya taa. Huondolewa yote, hata ile ndogo ya kusafishia mirija, na jambo hilo huandikwa kwenye faili kwa wino unaoonekana.

Tuseme sasa kipindi kimekwisha salama, na mgonjwa anarudi Hamugembe. Nguvu ya heparini ya kawaida hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi, kwa hiyo kwa saa 4 hadi 6 bado damu yake si nyepesi kuganda. Akiwa amepewa enoksaparini, heparini ya chembe ndogo ambayo hutolewa mwilini na figo zile zile zilizoshindwa, athari yaweza kufika kesho yake. Ipo dawa ya kuitangua heparini, protamini, ambayo miligramu 1 hutangua takriban yuniti 100. Kwa enoksaparini hutangua sehemu tu.

Ndani ya saa hizo ndimo yanamotokea mambo ambayo kituo cha kusafisha damu hakiyaoni. Mgonjwa anahisi homa, anapitia zahanati, na mhudumu mwenye nia njema anamchoma sindano ya msuli. Kwa mtu mwingine ni jambo la kawaida. Kwake yeye paja laweza kujaa damu kimyakimya. Siku ya kusafishwa damu sindano za msuli huepukwa: malaria kali hutibiwa kwa artesuneti ya mshipani, na chanjo ya homa ya ini aina B, ambayo wagonjwa hawa wanaihitaji kuliko watu wengi, hupangwa siku nyingine au kabla ya kipindi kuanza. Jino pia husubiri. Duka la dawa muhimu linaloombwa dawa ya maumivu na mtu mwenye bandeji mkononi au mrija shingoni lingefanya vema kumpa parasetamoli na kumwuliza anatibiwa wapi.

Mrija huo wa shingoni unataka neno la pekee. Wagonjwa wanaoanza tiba kwa dharura, kabla fistula haijatengenezwa, hutumia katheta yenye mikono miwili, na baina ya vipindi kila mkono hujazwa dawa ya kuzuia damu isigande humo. Mara nyingi dawa hiyo ni heparini nzito. Mkono mmoja ukiwa na mililita 1.5 za heparini ya yuniti 5,000, umebeba yuniti 7,500. Mikono miwili, 15,000. Mgonjwa wa kilo 60 angeanzishiwa yuniti 3,000 kwenye mashine. Sasa fikiria usiku katika zahanati, mgonjwa amezimia, mishipa ya mikono haionekani, na shingoni pana njia iliyo tayari kabisa kwa dripu. Mhudumu anayeiunganisha dripu hiyo bila kujua huisukuma dawa yote moyoni kwa mara moja. Katheta hiyo haiguswi nje ya kituo chake isipokuwa uhai uko mashakani na hakuna njia nyingine, na hata hapo hutangulia kuvutwa na kutupwa mililita 5 kutoka mkono unaotumika kabla chochote hakijaingizwa.

Kwa mwenye fistula, ajali ya kawaida ni tundu la sindano kufunguka tena, mara nyingi usiku, mkono ukiwa umelaliwa. Watu wa nyumbani hukimbilia taulo, kisha taulo la pili juu ya la kwanza, na damu huendelea chini yake bila kuonekana. Kinachofaa ni vidole viwili juu ya tundu lenyewe, na kitambaa kidogo safi, mkono ukiwa umeinuliwa, kwa dakika 15 hadi 20 bila kuchungulia. Ikiruka kama chemchemi, mtu mmoja abane na mwingine aite gari, na wasiache kubana njiani. Bodaboda haifai kwa safari hiyo kama mbanaji hana pa kukaa.

Na wakifika, yeyote atakayewapokea atahitaji kujua mambo ambayo mgonjwa aliyelegea hawezi kuyasema. Vituo vingine huyaandika kwenye daftari dogo la mgonjwa kila anapofunguliwa: uzito wake, mkono wenye fistula ambao haupimwi shinikizo wala kuchomwa, aina ya dawa ya kuzuia kuganda aliyopewa, yuniti ngapi, na saa ambayo ya mwisho iliingia.